Riwaya iliyowaliza Wamarekani ilibadilisha nini?

Machi 1852 riwaya ya Harriet Beecher Stowe, Uncle Tom's Cabin, ilitoka Boston ikiwa kitabu kamili, baada ya kusomwa kwa sehemu tangu Juni 1851 katika The National Era, gazeti la wapinga utumwa lililochapishwa Washington. Ndani ya mwaka mmoja ziliuzwa nakala kama 300,000 nchini Marekani peke yake, wakati nchi nzima ilikuwa na watu milioni 23, na zaidi ya milioni 3 kati yao walikuwa watumwa. Tangu hapo watu wamependa kusema kwamba hadithi ya kubuni ndiyo iliyoamsha dhamiri ya majimbo ya Kaskazini, yaliyokuwa yameacha utumwa, mpaka vikapiganwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 dhidi ya Kusini. Inasimuliwa hata kwamba Rais Lincoln, alipokutana na Stowe mwaka 1862, alimwambia kuwa yeye ndiye aliyevianzisha vita vile. Maneno hayo hayamo katika maandishi ya wakati ule. Yalianza kuchapishwa zaidi ya miaka 30 baadaye.

Hata hivyo, wanaoisifu riwaya hii wana hoja nzito. Mwaka 1850 bunge la Marekani lilipitisha sheria kali ya kuwarudisha watumwa watoro. Aliyempa mtoro hifadhi angeweza kutozwa faini ya dola 1,000 na kufungwa miezi 6. Mtu aliyedaiwa kuwa mtoro hakuruhusiwa kutoa ushahidi wake mwenyewe, na kamishna aliyesikiliza shauri alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, dola 5 akimwachia. Watu wa Ohio na Massachusetts, waliokuwa wakiutazama utumwa kama jambo la Kusini, sasa walitakiwa kusaidia kukamata.

Stowe alijua pa kuigusa sheria hiyo. Sura ya 9 inatupeleka nyumbani kwa Seneta Bird wa Ohio, ambaye ametoka kuipigia kura sheria ya namna hiyo. Mkewe anamuuliza kama kweli angemfukuza mlangoni mtu anayetetemeka kwa baridi na njaa, naye anajibu kwa lugha ya wanasiasa, maslahi ya taifa na kadhalika. Usiku uleule Eliza, mtumwa mtoro, anaingia jikoni mwao, miguu ikivuja damu, amebeba mtoto aliyekuwa ameshauzwa. Amevuka mto Ohio kwa kurukaruka juu ya mapande ya barafu. Anamuuliza mama mwenye nyumba kama amewahi kufiwa na mtoto. Wamemzika wao mwezi mmoja tu uliopita. Mama anafungua droo aliyoifunga tangu msiba, anatoa vinguo na viatu vya marehemu, anamfungia Eliza. Seneta mwenyewe, mtunga sheria, anampakia mtoro kwenye gari la farasi na kumsafirisha usiku kwenye tope. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Stowe aliujua: kipindupindu kilimuulia mwanawe mchanga mjini Cincinnati mwaka 1849. Hotuba na vijitabu vya wapinga utumwa vilikuwapo kwa miaka 20 kabla yake, vingine vikiwa na ushahidi wa kutisha kuliko wa riwaya. Nguvu ya Stowe ilikuwa kumkalisha msomaji kwenye kiti cha yule seneta.

Na mabwana wa watumwa waliiogopa. Kusini waandishi walitoa riwaya zaidi ya 20 za kumjibu, zilizojaa watumwa wenye furaha na mabwana wapole. Huko Maryland, mwaka 1857, mhubiri mweusi aliyekuwa huru, Samuel Green, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa kukutwa na kitabu hiki nyumbani. Miaka 10 kwa riwaya moja! Kitabu kisicho na uwezo wa kubadilisha mawazo hakiadhibiwi hivyo.

Lakini tuangalie na masanduku ya kura. Novemba 1852, wakati kitabu kinauzwa kuliko kingine chochote, Wamarekani walimchagua Franklin Pierce, aliyeiunga mkono sheria ya watoro. Chama cha Free Soil, kilichopinga kuenea kwa utumwa, kilishuka kutoka asilimia 10 ya kura mwaka 1848 hadi 5 hivi. Sehemu ya anguko hilo ilitokana na Wademokrati wa New York waliorejea chamani mwao, kwa hiyo tusilikuze kupita kiasi. Ila linaonyesha kwamba machozi hayakugeuka kura mara moja. Yaliyowasukuma wengi zaidi yalikuja baadaye: mwaka 1854 sheria ya Kansas na Nebraska iliufungulia utumwa njia ya kwenda magharibi, na mwaka huohuo Anthony Burns, mtumwa mtoro aliyekamatwa Boston, alirudishwa Virginia akisindikizwa na askari katikati ya umati wa Boston wenye hasira. Naamini riwaya iliwaandaa watu hao kumwona Burns kama mtu. Kuwatoa majumbani waingie barabarani kulihitaji Burns mwenyewe.

Jambo linaloniuma zaidi ni lingine. Mtu aliweza kuuchukia utumwa na bado asitake jirani mweusi. Mwaka 1853 jimbo huru la Illinois lilipiga marufuku watu weusi kuhamia humo. Mwaka 1857 wapiga kura wa Oregon waliukataa utumwa, na katika kura hiyohiyo wakakataza weusi huru wasiingie. Viwanda vya Massachusetts, jimbo kilikochapishwa kitabu, viliendelea kusokota pamba iliyochumwa na watumwa; sehemu yake ilifika Zanzibar na pwani yetu yote ikiwa merikani, kitambaa kilichokuwa kama fedha katika biashara ya misafara. Huruma haikufika kwenye kitabu cha hesabu.

Je, riwaya yenyewe ilichangia ufinyu huo? Nadhani ndiyo. Mwishoni George Harris, mume wa Eliza, kijana msomi na jasiri, anahamia Liberia na familia yake, kana kwamba Marekani haina nafasi ya mweusi aliye huru. Martin Delany, mwandishi mweusi mpinga utumwa, alilishambulia jambo hilo mwaka 1853 katika gazeti la Frederick Douglass, mtumwa wa zamani aliyekuwa msemaji mashuhuri wa weusi. Douglass hakuafiki kuhamishwa kwa weusi, lakini alimtetea Stowe kwa sababu alithamini kazi ambayo kitabu kilikuwa kinafanya. Mwaka huohuo akatunga hadithi yake mwenyewe, The Heroic Slave, juu ya Madison Washington, aliyeongoza uasi katika meli ya Creole mwaka 1841 na kuwafikisha wenzake zaidi ya 100 kwenye uhuru Nassau. Haikupata hata sehemu ndogo ya wasomaji wa Stowe. Walimpenda Tom, mtumwa wa riwaya ya Stowe, anayekufa akisamehe. Mtu anayeshika usukani wa meli kwa nguvu zake hakuwaliza.

Naye Harriet Jacobs, mtumwa aliyetoroka, aliyejificha karibu miaka 7 kwenye dari ya nyumba ya bibi yake huko North Carolina, mahali ambapo palipoinuka zaidi palikuwa na futi 3 tu, aliomba msaada wa Stowe. Badala ya kumsaidia asimulie mwenyewe, Stowe alitaka kisa chake akitie katika kitabu chake kingine. Jacobs aliona amedharauliwa, akaandika kwa mkono wake, na mwaka 1861 kikatoka.

Hata hivyo, si kila lawama ni ya Stowe. Tom wa kitabuni ni baba mwenye watoto wadogo, anayepigwa hadi kufa kwa kukataa kusema walikojificha wanawake wawili. Majukwaa ya maigizo ndiyo yaliyomgeuza kizee cha kujipendekeza, mpaka jina lake likawa tusi kwa Wamarekani weusi.

Kwa hiyo nakubali kwamba riwaya iliharibu heshima ya sheria ya 1850 katika nyumba nyingi za Kaskazini, na hilo si dogo. Lakini usawa uliwashawishi Wazungu kwa njia nyingine. Takriban weusi 180,000 walipigana katika jeshi la Muungano, yaani upande wa Kaskazini, wengi wakihamasishwa na Douglass na Delany. Marufuku ya Illinois ilifutwa Februari 1865, baada ya kampeni iliyoongozwa na John Jones, fundi cherehani mweusi wa Chicago.