Ditekta, Buti na Mali ya Mjerumani

Shemeji yangu anayeishi Muscat akitaka kukuletea zawadi hakuulizi unataka nini. Mwaka mmoja alituletea blanketi zito la sufi, Dar es Salaam, mwezi wa pili, watu tunalala na feni mbili. Safari hii alifungua begi akatoa fimbo ya bati, chini ina sahani nyeusi, juu ina kioo kidogo cha namba. Akaniambia, "Shemeji, hii inaitwa ditekta. Inaona chuma chini ya ardhi."

Mke wangu akaizunguka mara moja. "Ya kufagilia?"

Habari ilipofika mtaani ilikuwa imeshageuka. Kwetu huku ukitaja mashine ya kutafuta chuma, watu wanasikia kitu kimoja tu: mali ya Mjerumani. Sidhani kama kuna mkoa Tanzania hii usio na jiwe lenye alama ya mshale, au mbuyu uliopigiliwa msumari, na mzee mmoja anayejua hasa Mjerumani alifukia nini pale siku anakimbia vita. Huwa ni sanduku. Sanduku lina jini, na jini lina masharti. Aliyetajirika kwa mali hiyo sijawahi kuonana naye. Waliofilisika kwa kununua mbuzi weusi wa kafara nawajua kwa sura.

Ila msijifanye wajanja, kuna chembe ya ukweli humo. Mwaka 1916, wakiwa wamebanwa, Wajerumani walifua kule Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15, upande mmoja ina picha ya tembo. Ipo kweli, na wakusanyaji wa sarafu wanaililia mpaka leo. Niliiangalia picha yake kwenye simu kabla ya kulala, na usiku kucha nikawa na yule tembo.

Nikachagua Kunduchi. Sababu zangu zilikuwa za kisomi kabisa: kule kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa vyombo vya Kichina. Palipokaa matajiri lazima palidondoka kitu. Jirani yangu, mwalimu mstaafu wa historia, akanivuta pembeni kabla sijaondoka. "Baba, magofuni usisogee. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 hakichimbuliwi bila kibali." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Mjerumani wangu ni wa 1916. Na ufukweni nitakaa mbali na magofu, kwa watu.

Nilisubiri bamvua, maana siku hizo maji yetu yanakupwa mbali, na mwisho wa kupwa huangukia kwenye saa nne asubuhi. Nikavaa inavyopasa: koti la mifuko mingi, kofia pana, hedfoni masikioni, na buti za mgodini nilizoazima kwa rafiki aliyewahi kufanya kazi Geita, zile zenye chuma mbele ya vidole. Mke wangu akanisindikiza mlangoni. "Ukifika mgodini utupigie."

Ufukweni nikawasha mtambo. Ukalia pale pale! Sijatembea hata hatua tatu. Nikapiga magoti, nikachimba kwa beleshi mpaka maji yakajaa shimoni. Hamna. Nikasogea kushoto, ukalia. Nikachimba. Hamna. Nikasogea mbele, ukalia mlio ule ule, tena kwa bashasha. Nilipogeuka nyuma, ufuo ulikuwa na mashimo yamejipanga mstari, na wavuvi waliokuwa wakishona nyavu wamesimamisha kazi. Mmoja akamuuliza mwenzake, kwa sauti ya mtu asiyetaka kunificha: "Huyu anapanda minazi?"

Aliyeniokoa ni mtoto wa darasa la pili hivi, mkononi ana ubuyu, midomo myekundu. Alinifuata muda mrefu kimya. Mwishowe akasema, "Anko, mbona inalia ukiisogeza kwenye mguu tu?"

Nikaipeleka sahani mbali na mguu. Kimya. Nikairudisha kwenye buti. Ikalia. Nikaipeleka, nikairudisha. Mtoto akatikisa kichwa kwa huruma, akaendelea na ubuyu wake.

Hapa lazima niseme kitu cha kujitetea. Julai 1881 rais wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, huyo huyo wa simu, akaitwa na mtambo wake wa kutafuta chuma ili aione risasi ilipojificha mwilini. Mtambo ukatoa sauti za ajabu kila ulipopitishwa. Baadaye lawama zikaangukia springi za chuma za godoro alilolalia mgonjwa. Rais akafariki Septemba, risasi haijaonekana. Kwa hiyo Bell alikuwa na godoro, mimi nilikuwa na buti, na mimi sikumuua mtu.

Nikavua buti, nikazifunga kamba nikazitundika kwenye ngalawa. Sasa kunyayo mchanga unachoma, nikakimbilia pale penye majimaji. Kosa lingine, lakini hili la fizikia. Sahani ile inarusha sumaku chini. Chuma kikipata hiyo sumaku kinazalisha umeme mdogo, na mtambo unausikia. Bahati mbaya maji ya chumvi nayo yanapitisha umeme. Mtambo wa bei ya shemeji hauwezi kuvitenganisha, basi ukapiga kelele kwa bahari yote ya Hindi. Kioo kilionyesha namba 12, 67, 40, 88 ndani ya pumzi moja. Nikavua hedfoni masikio yakiwaka, nikapanda juu kwenye mchanga mkavu, karibu na mabanda ya mihogo.

Huko angalau nilipata vitu. Vizibo vya soda, vizibo vya bia, tena vizibo vya soda. Msumari. Njiti za mishikaki zilizopinda. Shilingi mia. Kila kioo kikisema dhahabu, nilichimbua ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, kwani ditekta inazisoma karibu sawasawa. Nikaanza kufikiria chai.

Ndipo ikaja 92.

Haikuyumba. Nikapitisha sahani kulia, 92. Kushoto, 92. Kijitabu kilisema namba za juu vile ni fedha, na kitu chenyewe kilikuwa kipana, kikubwa kuliko beseni. Nikameza mate. Nilidhani nimemeza kimoyomoyo, kumbe nimesema "Yallah!" kwa sauti, na kwenye ufuo wa Dar Jumamosi hilo ni tangazo rasmi.

Wakaja. Wavuvi wakaacha nyavu. Wauza madafu wakaja na mapanga yao, jambo lililonikosesha raha kidogo. Dada mmoja akasema isomwe dua kwanza. Mzee mmoja akasema dua haitoshi, linatakiwa yai la kuku wa kienyeji, na lisivunjike. Kijana wa bodaboda akaninong'oneza, "Bosi, nusu kwa nusu. Mimi nina usafiri," akaruka shimoni kunisaidia kabla sijakubali. Mwingine akainua simu: "Wadau, tupo laivu hapa Kunduchi, mali ya Mjerumani inatoka…"

Beleshi likagusa kitu laini. Gunia.

"GUNIA!" umati ukapokea. Mzee wa yai akaeleza kwamba Mjerumani alikuwa anapenda sana gunia. Juu ya gunia kulikuwa na kamba ya manila, ya bluu. Nikajiuliza kama 1916 manila ya bluu ilikuwepo, lakini umati ulishavuka hatua ya maswali. Bodaboda akakata kamba kwa meno. Akafunua gunia. Ukatokea mfuniko, mweusi wa masizi, una kishikio cha kamba ya waya.

Kimya kikatanda. Nikafunua mfuniko.

Sufuria kubwa la alumini. Ndani yake karai la kukaangia. Ndani ya karai kuna upawa, kopo la chumvi na pilipili, kisu, na vitenge viwili vilivyokunjwa vizuri.

"NANI KAFUKUA VYOMBO VYANGU?"

Umati ukagawanyika kupisha. Mama mmoja alikuwa anakuja na beseni la mihogo kichwani, halishikwi kwa mkono, maana mikono yote miwili ilikuwa kiunoni.

"Shikamoo mama," nikasema nikiwa ndani ya shimo.

"Marahaba ya nini? Toka humo!" Akatua beseni. "Mimi nyumba yangu Mtongani, kila siku nipakie masufuria kwenye bajaji kwa shilingi ngapi? Nikiyaacha bandani wezi wanabeba. Nafukia hapa miaka na miaka, hata baba watoto hajui. Leo umeniitia mtaa mzima uwaonyeshe!"

"Na wadau walioko laivu," akaongeza yule wa simu.

Wakati huo niligundua kwamba mama lishe wengine wawili hawakuwa wakicheka. Mmoja alikuwa amesogea taratibu akasimama juu ya sehemu fulani ya mchanga, na hakuwa na nia ya kuondoka. Watu nao wakaanza kuutazama ufuo kwa macho mapya.

Mgambo akafika akihema. Stendi alikotoka habari ilikuwa sanduku limepatikana, jini limetoka, watu wawili wamezimia. Akachungulia shimoni. "Mali iko wapi?"

"Hiyo hapo afande," mama akamjibu. "Mjerumani anakaanga saa tano. Subiri."

Alisubiri kweli. Alikula sahani mbili, na pilipili akaongezewa.

Mimi sikuruhusiwa kuondoka. Mama alinitaka nimchimbie shimo jipya, mahali papya, jioni giza likiingia, na nikishachimba nisahau. Nikakubali. Kisha akaiangalia ditekta kwa jicho la biashara. "Hicho kidude kinaona chini kweli?"

"Kinaona mama. Si umeona?"

"Masika ya mwaka juzi nilifukia karai lingine, mchanga ukahama. Twende."

Tulilipata karibu na mnazi, limeliwa na kutu ukingoni, lakini mama alilikumbatia. Basi ikawa ndiyo kazi. Yule aliyesimama juu ya mchanga akatoka, akataka jiko lake la mkaa. Mwingine alipoteza mfuniko. Muuza madafu alikuwa na panga chini tangu Ramadhani. Malipo yalikuwa mihogo, na mpaka alasiri nilishindwa kupiga magoti kwa shibe.

Nilikuwa nafungua betri nikidhani nimemaliza, kijana wa bodaboda akaja ananyata. Ile bashasha ya asubuhi imemtoka.

"Bosi. Ufunguo wa pikipiki. Ulikuwa mfuko wa shati nilipoingia shimoni."

"Shimo la mama tulishalifukia."

"Nimelichambua kwa mikono, haumo. Labda umedondoka kule chini, asubuhi nilikuwa nachungulia mashimo yako."

"Shimo lipi?"

Akanyoosha mkono kuonyesha mstari wote wa mashimo, au pale ulipokuwa mstari, kwa sababu maji yalikuwa yamejaa na bahari ya chumvi imelala juu yake. Nikawasha mtambo. Ukaanza: 12, 67, 40, 88.

"Nusu kwa nusu?" nikamuuliza.

Akaniuliza nusu ya ufunguo atawashia nini.