Eka tatu za Fuoni na lawama za muuzaji

Kila masika maji yakifunga njia pale Mwanakwerekwe, Unguja, mkosaji hupatikana haraka: ni yule aliyekata shamba vipande akauzia watu viwanja. Fuoni, Mwera, Tomondo na Kianga, kando ya mji, zilikuwa minazi, muhogo na mpunga wa bondeni. Leo ni mabati mpaka jicho linachoka.

Wanaolalamika wana haki yao. Udongo mzuri ukishamwagiwa zege haurudi, makaro yanachimbwa hatua chache na visima, na mabonde yaliyokuwa yakinywa mvua yamejazwa kifusi. Sheria nayo iko upande wao: ile ya ardhi ya 1992 inakataza kuzigawa eka tatu tatu ambazo Serikali ya Mzee Karume iliwapa wakulima baada ya Mapinduzi.

Lakini tuitazame sensa. Mwaka 2002 Wilaya ya Magharibi, yenye hizo Fuoni na Mwera, ilikuwa na watu 184,204. Mwaka 2012 wakawa 370,645. Miaka hiyohiyo Wilaya ya Mjini ilitoka 205,870 ikafika 223,033 tu, maana palishajaa. Gawa ongezeko la Magharibi kwa siku za miaka kumi, utapata watu 51 kila siku. Tukiweka watano kwa nyumba, ni nyumba kumi kila siku inayopambazuka, Ijumaa na sikukuu zimo. Watu hao walikuwa waende wapi? Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu 2000, hauongezwi ghorofa. Nyumba za ghorofa za Michenzani zina wenyewe. Viwanja vilivyopimwa havikwenda na kasi hiyo. Aliyewapokea ni mwenye eka.

Na mwenye eka mwenyewe, mara nyingi, keshazikwa. Wamebaki warithi, tuseme saba, juu ya mita za mraba elfu kumi na mbili hivi. Serikali inasema shamba lisigawanywe. Faraidhi, sheria ya Kiislamu ya mirathi, inasema kila mmoja apewe fungu lake, mwanamume mawili, mwanamke moja. Wafuate ipi? Kwa vile ardhi yote ni ya Serikali, karatasi ya mauziano inayoandikwa mbele ya sheha, kiongozi wa mtaa, huhesabu vilivyo juu yake tu: minazi sita, mwembe mmoja, msingi wa nyumba. Wote waliokaa kwenye jamvi wanajua kinachouzwa hasa ni ardhi. Muhogo wa robo eka haulipi matibabu ya mama. Kiwanja kimoja kikiuzwa kinalipa, na pesa ya bati inabaki. Anayemwita mtu huyu mroho hajawahi kulima robo eka.

Kosa ninaloliona mimi ni dalali kufika kabla ya mpimaji. Eka tatu zikikatwa mita 20 kwa 20 bila njia, vinatoka viwanja thelathini. Ukiacha njia za gari na mfereji wa mvua vinabaki kama ishirini na nne. Sita vimepotea, ndiyo, ila kiwanja kilicho kando ya njia kina bei kuliko kile kilichojificha nyuma ya ukuta wa jirani, ambako boza la maji halifiki na jeneza hupitishwa kwa ubavu. Hesabu hiyo warithi wanaiweza vizuri, mradi mpimaji awakute siku wanapogawana, si miaka kumi baadaye akija na rangi nyekundu ya kuchora X ya kubomolewa ukutani.