Rekodi ndani, hamishia nje

Kuna ushauri ambao kila anayeanza kurekodi muziki kwenye laptopu hupewa kabla hata hajajua maiki inashikwaje: usirekodi kwenye diski ya ndani, nunua ya nje. Mimi niliupokea, nikautii kwa miaka, na nikawahubiria wengine. Siku hizi nikiusikia huuliza swali moja tu: hiyo diski yako inazunguka au haizunguki?

Ushauri wenyewe haukuwa uongo. Ulitoka enzi za diski za sahani, ambazo ndani yake kuna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika na mkono mmoja unaobeba vichwa vya kusomea na kuandikia. Mkono ni mmoja, hauwezi kuwa pahala pawili. Mfumo wa kompyuta unataka kuandika mambo yake, programu ya kurekodi inataka kuandika sauti inayoingia sasa hivi, na papo hapo inataka kusoma traki 15 za jana, yaani sauti zilizorekodiwa kila moja peke yake, ili mwimbaji azisikie masikioni. Kila mkono unapohama, milisekunde kumi na kitu zimekwenda. Zikirundikana, wimbo unasimama katikati na unaletewa ujumbe kwamba diski imezidiwa. Kuzipa nyimbo diski yao peke yao, tena ya mizunguko 7,200, lilikuwa jambo la akili kabisa.

Ila laptopu nyingi za sasa zina SSD, diski inayohifadhi kila kitu kwenye chipu, na SSD haina sahani wala mkono. Tupige hesabu kidogo. Traki moja ya mono (chaneli moja) ikirekodiwa kwa kilohezi 48 na biti 24 ni sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kila sekunde, kila sampuli baiti 3, jumla baiti 144,000. Chukua traki 24 kwa mpigo, yaani bendi nzima pamoja na maiki zote zinazozunguka ngoma: hazifiki megabaiti 3.5 kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA, muunganisho wa zamani, huandika mamia ya megabaiti kwa sekunde, na za NVMe, muunganisho mpya zaidi, huzidi elfu. Hata USB 2.0, kitu cha mwaka 2000, hupitisha megabaiti 30 na ushei. Kwa hiyo anayekwambia SSD ya ndani itakuangusha kwa kasi anakutibu ugonjwa wa babu yako.

Kinachoniogopesha mimi ni waya.

Nilikuwa namrekodi mwimbaji aliyesumbuliwa na ubeti wa pili tangu asubuhi. Jioni akaupata. Kafumba macho, sauti imekaa pale pale inapotakiwa, mimi hata kupumua naogopa. Mstari wa mwisho akarudi nyuma hatua moja, kisigino kikanasa kwenye waya wa maiki, waya ukatikisa meza, diski ya nje ikateleza kama sentimita mbili. Mbili tu. Kitaa chake kikazimika, kikawaka tena. Kwenye skrini wimbi liliendelea kuchorwa kama sekunde mbili hivi, nikadhani tumenusurika, kisha programu ikaganda. Faili tulilolikuta baadaye lilikuwa na ukubwa wa sifuri. Akarudia mara sita, akaimba vizuri mara zote sita, na hadi leo akiusikia wimbo ule ananitazama kwa jicho fulani.

Diski ya ndani haina waya wa kukanyagwa. Haina tundu lililolegea kwa kuchomwa na kuchomolewa kila siku. Haigawani umeme na kadi ya sauti (kile kifaa kinachoingiza maiki kwenye kompyuta) kwenye habu moja ndogo, kigawanya matundu ya USB, isiyo na chaja yake. Tundu la USB 3.0 la kawaida linaahidi miliampea 900. Ukichomeka hapo habu, kisha ukaining'iniza diski, kadi ya sauti na kibodi ya piano, usishangae kimoja kikikata pumzi katikati ya kibwagizo. Halafu kuna ile tabia ya kompyuta kulaza vifaa vya USB ili kuokoa betri. Mwimbaji anakunywa maji, mnaongea dakika kumi, diski inasinzia. Ukibonyeza kurekodi, inaanza kuamka huku mtu ameshaanza kuimba. Na kama diski yenyewe ni ya kuzunguka, iweke mbali: maiki ya kondensa itausikia ule mvumo wake na kukuwekea bure kwenye kila traki.

Kabla sijasonga mbele, kuna kosa linalowapotezea watu pesa. Sauti ikikwaruza na kutoa vishindo vidogo vidogo wakati wa kurekodi, mara nyingi diski haihusiki. Ni bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulishughulikia kwa mkupuo mmoja. Ukiiweka sampuli 128 kwa kilohezi 48, prosesa ina chini ya milisekunde 3 kumaliza kazi yote ya kila fungu la sauti. Ikishindwa, unasikia mkwaruzo. Ongeza bafa au zima baadhi ya plagini, zile programu ndogo za kupamba sauti. Nimeona watu wakinunua diski mpya kutibu tatizo hilo, wakarudi nyumbani na mkwaruzo ule ule.

Je, diski ya nje haina kazi? Inayo, na kubwa. Maktaba za sauti, zile piano na okestra zilizorekodiwa noti kwa noti, zinaweza kula mamia ya gigabaiti, na baadhi ya laptopu za sasa SSD yake imelehemewa kwenye ubao, huwezi kuipanua. Hizo ziweke nje. Lakini hapo usibane matumizi. Ukibonyeza kodi moja ya piano, yaani noti kadhaa kwa pamoja, programu inachota vipande vingi vidogo vidogo kutoka pande tofauti za diski kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo kazi ambayo diski ya kuzunguka inaichukia. Nunua SSD. Ikichomoka kwa bahati mbaya, kinachokatika ni sauti ya piano, ambayo kesho utaichota tena. Pumzi ya mtu huichoti tena.

Kama diski yako ya ndani bado ni ya kuzunguka, basi mimi na wewe hatuna ubishi: ama ibadilishe iwe SSD, ama rekodi kwenye SSD ya nje na uigundishe mezani kwa utepe wa gundi. Sitanii. Na kama ndani kumebaki nafasi finyu sana, toa picha na filamu kwanza kabla hujafukuza nyimbo, kwa sababu SSD iliyojaa pomoni hupungua kasi. Flashi zile za kuning'iniza kwenye funguo hata tusizizungumzie.

Jambo jingine ni namna diski ilivyofomatiwa, yaani mpangilio wake wa kuhifadhi mafaili. Ikiwa FAT32, faili moja haliwezi kuzidi gigabaiti 4. Ukirekodi onyesho kwenye faili moja la chaneli 8, kwa kilohezi 48 na biti 24, utafika ukomo baada ya saa moja na dakika mbili hivi, pengine wakati watu wamesimama wanapiga makofi. NTFS ya Windows kwenye Mac husomeka bila kuandikika. exFAT hukubalika pande zote mbili, ila ikichomolewa ghafla haina kumbukumbu ya kujirekebishia, na ndiyo niliyokuwa nayo jioni ile.

Upande ambao diski ya ndani inanitia wasiwasi ni mmoja: laptopu ikiibiwa au ikimwagikiwa chai, kila kitu kimekwenda nayo. Na SSD ikifa, mara nyingi haiagi. Diski ya kuzunguka angalau mara nyingine huanza kugongagonga kabla. Kwa hiyo kurekodi ndani bila kunakili nje ni kucheza kamari. Nakala zangu ni mbili, kwenye diski mbili, na moja hailali nyumba moja na laptopu. Hapa diski ya kuzunguka ya bei nafuu inatosha kabisa. Saa nzima ya traki 8 ni kama gigabaiti 4.1, inanakilika kwa muda wa kukunja waya mmoja wa maiki.

Nanakili kabla mtu hajavua hedifoni. Kisha nachagua seshi iliyo kwenye diski ya nje, naifungua kutoka huko huko, napiga sekunde ishirini za mwanzo na ishirini za mwisho, maana mara mbili nimewahi kukuta folda imenakilika vizuri huku nusu ya mafaili ya sauti yakiwa yamebaki kwenye folda nyingine kabisa. Muda wote wa kurekodi diski hiyo imo kwenye droo, waya wake umezungushwa juu yake. Huitoa maiki zikishazimwa.