Ekzosi ya Maskati na polo la ami

Nianze na hili: ami yangu mzima, hakuvunjika kitu. Nasema hivyo kwa sababu habari ilivyozunguka hapa Wete, Pemba, wapo waliokuja nyumbani na kanzu zao wakidhani wanakuja mazikoni. Kilichotokea ni ekzosi tu.

Mie nna DT 125, Yamaha ile ya zamani ya tu-stroki, yenye kitangi chake cha oili mbali na petroli, ukiiwasha mtaa mzima wanajua unatoka. Binamu yangu yuko Maskati akanitumia ekzosi, bomba la moshi la resi, limeviringishwa ndani ya blanketi pamoja na udi na maziwa ya unga. Mama akafungua, akaliangalia lile tumbo lake akauliza, "Ndo madele ya kahawa ya siku hizi haya?"

Sasa tumbo lile si pambo jamani. Tu-stroki haina valvu za kutolea moshi, ina tundu tu ubavuni mwa silinda, na petroli mbichi inapoingia lile tundu bado liko wazi, kwahiyo nyengine inakimbilia nje kabla haijaungua. Bomba lenye tumbo likichongwa sawasawa, mshindo unakwenda mpaka pale mwisho panapobana, unagonga, unarudi mbio kuisukuma petroli irudi ndani. Raha tupu. Ila hayo yanakubali kwenye kasi fulani tu ya injini, chini ya hapo mshindo unarudi si wakati wake na pikipiki inakuwa goigoi kuliko ilivyokuwa mwanzo.

Fundi naye hakuishia kwenye bomba. Akatoa ridi ya bati, yaani vile vilimi vinavyofunguka kuingiza hewa na petroli ndani ya injini, akatia ya kaboni, sproketi ya mbele akapunguza jino moja, nikamuuliza na kabureta je, maana bomba jipya linavuta hewa nyingi na jeti kubwa, kile kitundu kinachopimia petroli, lazima ipande namba, la sivyo injini inakula hewa tupu inapata moto. Akanambia jeti zinatoka Dar, ziko njiani, wewe endesha polepole tu. Polepole! Bomba lenyewe polepole haliijui.

Ndo hapo akatokea ami. Ana polo la karafuu, gunia zima, anataka kulipeleka kituo cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kuuza, gari aliyoiahidiwa haikuja, na ami akishaamua kwenda mahali hata mvua ya masika haimzuii. Nikamwambia ami hii pikipiki imebadilishwa vitu. Akanambia nyamaza, washa. Akapanda, polo kaliweka katikati yetu na mikono yote miwili kalikumbatia hilo polo, mie hakunishika hata shati.

Barabara ya zamani ile ya vilima na kona, mnaijua. Kwenye tambarare pikipiki inakohoa tu, inajivuta, watoto wa skuli wanatembea pembeni yetu wanatuamkia kwa zamu na sote tunawajibu kwa utulivu kabisa. Ami kule nyuma anapiga domo, "Hii ndo umeletewa kutoka Uarabuni? Punda wa jirani tungekuwa tumeshafika tumeshakula." Nikanyamaza. Tukafika chini ya mlima, nikarudisha gia ya pili, nikavuta resi mpaka mwisho, inanguruma haina nguvu, inanguruma haina nguvu, mshale wa mizunguko ukagusa 6 hivi, yaani 6,000 kwa dakika, lahaula, ikapiga ukelele mmoja gurudumu la mbele likaenda juu na mlima ukaanza kurudi nyuma wenyewe.

Wallahi ilikuwa tamu. Ilikuwa nyepesi mpaka nikashangaa, nikasema bomba hili linafanya kazi kweli. Nikawa namwelezea ami, nampigia kelele, "Ami umeiona? Huo ndo mshindo unaorudi!" Ami kimya. Nikajua keshashika adabu. Nikaendelea kumfundisha habari za ridi, mbele yangu ikaja gari ya ng'ombe, mwenyewe ananipungia mikono yote miwili, na mie nikampungia. Mtu mwenye adabu. Nilipopita ndo nikamsikia anasema "mzee wako!", nikageuka, hakuna ami, hakuna polo.

Sijawahi hata kuachia resi vizuri injini ikashika, kwiiii, gurudumu la nyuma likafunga, nikakamata klachi nikasimama ubavu. Hewa nyingi petroli kidogo, pistoni imepata moto imevimba imeng'ang'ania silinda, plagi baadae tuliikuta nyeupe pe. Basi nikageuza, nikatia fri, nikateremka na mlima kimyakimya kumtafuta mzee wa watu.

Namkuta kakaa kitako katikati ya jamvi la karafuu la bibi mmoja aliyeanika kando ya barabara. Kofia iko kichwani vilevile. Polo limepasuka, karafuu zake zote zimemwagikia za bibi, na wala hawazungumzii kuanguka, wanagombana karafuu zipi za nani. Ami anasema zake kavu, anavunja moja moja kuonyesha zinavyolia. Bibi anasema zake nazo zina siku kadhaa juani zinalia hivyohivyo, na kilichoanguka jamvini kwake ni rizki yake. Akaitwa sheha, mkubwa wa mtaa. Sheha akaja na pishi apime wagawane, akainama, akachota, akatazama kiganja chake muda mrefu.

"Bwana, mbona polo lako lina makonyo mengi hivi?"

Makonyo, kwa asiyekuwa Mpemba, ni vile vikonyo vya karafuu, vinauzwa peke yake kwa bei ya chini sana, haviwekwi polo moja na karafuu ili uzito upande. Bibi akapiga vigelegele. Ami akainuka upesi, akajifuta kanzu, akasema mambo ya dunia hayagombaniwi, bibi zichukue zote zako, sadaka, twende zetu mwanangu.

Nikamwambia ami, pikipiki imeshika.

Tukaisukuma mpaka mjini sote wawili, hatusemi. Silinda imekerezwa, pistoni imeingia ya ovasaizi, kubwa kidogo kwa milimita 0.25, na ringi zake, na gharama zote kalipa ami, kwa sharti moja tu kwamba habari ya makonyo nisimwambie mtu.