Mlalamikaji naye aachiwe mlango wa mahakama

Kampuni ikitozwa faini Ulaya kwa kuchezea taarifa za watu, hakuna anayeshangaa ikikata rufaa. Desemba 2019 mamlaka ya shirikisho ya Ujerumani ya ulinzi wa taarifa iliitoza 1&1 Telecom euro 9,550,000, kwa sababu mtu aliyepiga simu huduma kwa wateja aliweza kupewa taarifa za mteja kwa kutaja jina na tarehe ya kuzaliwa tu. Novemba 2020 mahakama ya Bonn ilikubali kwamba kosa lilikuwepo, lakini ikashusha faini hadi 900,000. Rufaa ililipa, na wala haikuitwa usumbufu. Haki hiyo imo kwenye ibara ya 78 ya GDPR, kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi.

Ibara hiyohiyo inampa haki mtu wa kawaida aliyelalamika na malalamiko yake yakatupwa. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Baadhi ya mamlaka zilijiwekea hoja kwamba malalamiko ni kama barua ya maombi: ikishapokelewa, ikasomwa na kujibiwa, kazi imekwisha. Jaji aangalie kama jibu lilitoka, asiulize kama jibu lilikuwa sahihi.

Hoja hiyo ndiyo aliyoisimamia kamishna wa ulinzi wa taarifa wa jimbo la Hessen, Ujerumani, katika mashauri mawili ya SCHUFA, kampuni ya Ujerumani inayotunza rekodi za mikopo. Watu wawili walifilisika, wakapitia utaratibu wote, na mahakama ikawafutia madeni yaliyobaki, mmoja Desemba 2020, mwingine Machi 2021. Daftari la umma la ufilisi huiweka habari hiyo kwa miezi 6, kisha huifuta. SCHUFA ilikuwa imeshainakili, na yenyewe ikiishikilia kwa miaka 3.

Piga hesabu: miezi 30 ya ziada. Sheria imekwishasema huyu aanze upya na daftari la umma limekwishasahau, lakini mwenye nyumba akitaka kumjua mpangaji, au benki ikitaka kumpima mkopaji, jibu linatoka kwenye nakala ya kampuni binafsi. Katika miezi 30 mtu anaweza kukataliwa nyumba mara ngapi? Na kwa msimamo wa kamishna, hata kama alikosea kuiacha nakala hiyo ibaki, jaji hakuwa na la kumwambia maadamu barua ya majibu ilitumwa. Desemba 7, 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaikataa hoja hiyo. Uamuzi juu ya malalamiko hupitiwa na jaji kikamilifu, na kampuni ya rekodi za mikopo hairuhusiwi kuitunza habari ile kupita muda wa daftari la umma.

Miezi miwili kabla ya hapo, Uingereza, iliyokwishatoka kwenye Umoja, ilikuwa imeshika njia nyingine. Katika shauri la mlalamikaji aitwaye Delo, Mahakama ya Rufaa ilisema kamishna halazimiki kutoa uamuzi wa mwisho juu ya kila malalamiko. Mlalamikaji anaweza kwenda kwenye baraza ili kamishna asukumwe kushughulikia jalada, basi. Kampuni iliyotozwa faini, yenyewe, inakata rufaa kwenye baraza hilohilo na ushahidi wote unafunguliwa upya. Mizani hiyo imelala upande mmoja.

Wanaoitetea mizani hiyo wana hoja nzito. Mamlaka zina wafanyakazi wachache, na kila saa wanayokaa mahakamani wanaikosa kwenye uchunguzi. Austria kulikuwa na mtu mmoja aliyewasilisha malalamiko 77 katika miezi kama 20. Mamlaka ilikataa kuendelea naye, lakini Januari 2025 Mahakama ya Ulaya ikasema idadi peke yake haitoshi. Lazima ionyeshwe nia ya kuutumia vibaya utaratibu. Kwa ofisa mwenye rundo la majalada mezani, hukumu hiyo ni mzigo.

Lakini mahakama hiyohiyo haikuwaacha mikono mitupu. Septemba 2024 iliamua shauri la mteja wa benki ya akiba huko Hessen, ambaye mfanyakazi alichungulia taarifa zake zaidi ya mara moja bila ruhusa. Benki ilishamwadhibu mfanyakazi, na mteja akataka benki itozwe faini. Jibu: mamlaka hailazimiki kuchukua hatua ya kurekebisha pale isipohitajika. Kwa hiyo hofu kwamba jaji atageuka kuwa kamishna imetiwa chumvi. Kamishna bado anachagua dawa. Anachotakiwa ni kueleza mbele ya jaji kwa nini ameichagua.

Rufaa nyingi za walalamikaji huharibikia kwenye utaratibu. Ujerumani una mwezi 1 tangu kupokea uamuzi, na hakuna hatua ya kwanza ya pingamizi ndani ya ofisi, unakwenda moja kwa moja mahakama ya utawala. Unayemshtaki ni mamlaka, wala si kampuni, na mahakama ni ya mahali ilipo mamlaka hiyo hata kama unaishi kwingine. Thamani ya shauri kwa kawaida huwekwa euro 5,000, hivyo tenga kama euro 500 za ada. Austria ni wiki 4, na hati haipelekwi mahakamani bali kwenye mamlaka yenyewe. Ukiituma kwa jaji, siku zinazopotea ikirudishwa ni zako. Ireland ni siku 28.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye maombi. Ukiomba kampuni itozwe faini, utaangukia kwenye hukumu ya ile benki. Omba uamuzi ubatilishwe na mamlaka iamriwe kuilazimisha kampuni ifute taarifa. Na hilo likishindikana, iamue upya kwa kufuata tafsiri ya mahakama. Kama shida yako ni kimya, miezi 3 bila jibu wala taarifa ya maendeleo inakufungulia mlango, ila barua fupi ya “bado tunashughulikia” inaweza kuudhoofisha msimamo wako. Na njia ya kuishtaki kampuni yenyewe chini ya ibara ya 79 haifungwi na haya yote. Zinaweza kwenda sambamba.

Kuna wanaosema ushindi wa namna hii ni wa karatasi, kwa kuwa mara nyingi jalada hurudi kwa kamishna yuleyule. Waitazame tena SCHUFA. Machi 16, 2023 mwanasheria mshauri wa Mahakama ya Ulaya alitoa maoni dhidi ya ile miaka 3. Kabla mwezi haujaisha, kampuni ikatangaza kwamba itafuta baada ya miezi 6, na hukumu yenyewe ilikuwa bado miezi minane mbele.