Gari kwanza, pauro baadaye: mitaro ya Ng'ambo kabla ya masika

Kaskazi ikianza kulegea na joto la Februari likashika, mabarazani na kwenye vikao vya shehia za Ng'ambo, upande wa mji wa Zanzibar ulio nje ya Mji Mkongwe, hurudi suala lilelile: mitaro asafishe nani? Wapo wanaosema ni kazi ya Baraza la Manispaa, maana ndilo linalokusanya ada za taka na leseni za biashara. Wapo wanaosema ni kazi ya wakaazi, maana chupa na pempasi zilizojaa mtaroni hazikushuka na mvua, zimetoka majumbani mwa watu wanaofahamika. Kila upande una haki yake na tutaupima. Lakini tuseme mapema tunaposimama: suala la nani achimbe limekula muda kuliko linavyostahili, na suala la tope liende wapi likishatolewa limeachwa nyuma. Maji ya Aprili hutuingilia ndani kwa sababu ya hili la pili.

Kwanza ukubwa wa kazi yenyewe. Mvua ya milimita 50, ambayo katika masika si ya ajabu, ikinyesha juu ya paa la bati lenye mita za mraba 100 huteremsha lita 5,000. Nyumba hamsini za mtaa mmoja hutoa lita 250,000, hujahesabu barabara na nyua. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilinywewa na mchanga wa uani na chini ya minazi. Leo ua umesakafiwa, kichochoro kimewekwa pevingi, na maji hayana pa kwenda ila mtaroni. Tena sehemu nyingi za Ng'ambo ni tambarare au bonde. Majina kama Ziwa Maboga na Bwawani hayakuja bure. Mtaro unaoshuka mita moja tu katika kila mita 500 haujisafishi wenyewe. Maji huenda polepole, mchanga hukaa chini, na taka hunasa juu ya mchanga.

Chukua mtaro wa kawaida wa mtaani, upana sentimita 60 na kina sentimita 60. Tope la sentimita 20 ukilitazama utasema limekula theluthi. Kwa hesabu ya mwendo wa maji limekula kama asilimia 40 ya uwezo, kwa kuwa maji yakibanwa kwenye kina kifupi husuguana zaidi na sakafu na kuta. Na katika mita 100 za mtaro huo mna mita za ujazo 12 za tope. Tope bichi lenye mchanga ni zito, tani moja na nusu au zaidi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo hapo pana tani 18 hadi 20. Kwa toroli la lita 60 ni safari 200. Kwa lori la tani saba ni safari tatu.

Sasa hoja. Wanaoitaka Manispaa iifanye kazi hii wanaanza na sheria, na sheria iko upande wao: Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 2014 inaweka usafi wa mji katika dhamana ya mabaraza. Ila hoja yao iliyo nzito zaidi ni nyengine: mtaro haujui mpaka wa shehia. Anayetupa taka sehemu ya juu husafishiwa mlango wake na mvua; wa bondeni ndiye anayetoa magodoro nje. Ukimwachia kila mtu asafishe kwake, mtaa wa juu hauna sababu ya kuhangaika, na mtaa wa chini hata ukichimba kila wiki utakuwa unatwanga maji kwenye kinu. Kazi ya namna hiyo inataka mwenye mamlaka juu ya njia nzima ya maji, kuanzia kichochoroni hadi pwani.

Kuna pia hatari, na hapa hatuna la kuupinga upande huu. Ndani ya tope mna vigae, sindano, na maji ya karo. Zanzibar ilipigwa na kipindupindu 2015 na 2016, na si mara ya kwanza. Kumtia kijana wa kujitolea mtaroni akiwa na kandambili, kisha akaenda nyumbani kula bila sabuni, ni kumdhulumu, hata kama nia ilikuwa njema. Mabuti ya mpira, glavu nzito, maji safi na sabuni pembeni ya kazi: vikikosekana hivyo, kazi isianze.

Wanaosema ni kazi ya wakaazi nao hawasemi ovyo. Lori haliingii kichochoro cha mita moja na nusu. Mitaro midogo ya nyuma ya nyumba haimo katika ramani ya mtu yeyote, ila mkaazi anajua ni kalvati ipi, yaani njia ya maji inayopita chini ya barabara, iliyoziba mwaka jana na ni nani aliyeifunika kwa zege. Na mwezi wa Machi shehia zote zinaomba huduma kwa mpigo. Hakuna baraza la mji mdogo linaloweza kufika kote katika wiki tatu. Watu wazima wanakumbusha pia kazi za kujitolea za baada ya Mapinduzi, ambazo hata majumba ya Michenzani yalinufaika nazo. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli, ingawa tusisahau kwamba kujitolea kwa zama zile mara nyingi hakukuwa hiari.

Hoja yao tusiyokubaliana nayo ni ile ya kwamba anayechimba hatatupa tena. Wanaochimba ni vijana wa kiume wa mtaa. Taka zinazofika mtaroni ni vifuu na makumbi ya muuza madafu, chupa za dukani, na ndoo ya taka aliyopewa mtoto akaitupe saa ya magharibi kwa sababu kontena liko mbali au limefurika. Mchimbaji na mtupaji si mtu mmoja. Kilichopunguza mifuko ya plastiki mitaroni ni marufuku ya Zanzibar ya mwaka 2006, iliyotangulia ile ya Bara ya 2019, na kila pale marufuku ilipolegea mifuko ilirudi. Kontena linaloondolewa kwa wakati husafisha mtaro kuliko pauro ishirini.

Katikati ya pande hizi mbili pana kasoro ya utawala ambayo haizungumzwi. Sheha, mkuu wa shehia, ambaye ndiye anayewaita watu na ambaye tangazo lake husomwa msikitini baada ya sala ya Ijumaa, huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Lori liko chini ya Baraza la Manispaa. Hizo ni ngazi mbili tofauti, na zinakutana kwa barua. Sheha akiita watu Jumapili na lori likapangwa Alhamisi, hakuna aliyekosea katika ngazi yake, lakini tope limekaa ukingoni siku nne.

Tope likikaa ukingoni hutokea mambo mawili. Mvua ikija, hata ya nusu saa, mchanga hurudi mtaroni kwanza, maana ndio mwepesi kuchukuliwa, na kazi ya watu arubaini huisha kabla hawajapumzika. Mvua isipokuja, tope hukauka, magari huliponda, watoto hulichezea, na yaliyomo ndani hugeuka vumbi la kuvuta. Kwa hiyo sisi tunasema gari kwanza, pauro baadaye. Siku ya kuchimba ipangwe kwa ratiba ya lori, na kisichoweza kuondoka ndani ya saa 48 kisichimbwe. Mtaa wenye uhakika wa safari tatu uchimbe mita 100, usichimbe 300 kwa kujisifu. Vichochoroni, ambako lori halifiki, tope litolewe kwa toroli au gari la ng'ombe hadi sehemu moja iliyokubaliwa kandokando ya barabara, siku ileile. Taka ngumu zitengwe na mchanga hapohapo. Mzigo uliochanganywa haufai kujazia hata shimo la njia, na wote itabidi uende jaa la Kibele, ambako kila safari inakula mafuta na nusu ya siku.

Utaratibu wa kuchimba wenyewe unakosewa karibu kila mwaka. Watu huanza mlangoni kwao, juu, wakasukuma kuelekea chini. Tope lote hukusanyika kwenye kalvati ya kwanza chini ya barabara, mahali pagumu kuliko pote kufikiwa. Kazi ianze mdomoni, pwani au kwenye mtaro mkubwa, ipande juu. Kila hatua ya juu ikifunguliwa, maji yaliyotuama hupata njia na kubeba tope laini lililobaki. Kalvati isukumwe kutoka upande wa chini kwa mti mrefu au nondo, kisha imwagiwe maji kutoka juu. Bauza moja la maji linafanya kazi ambayo vijana kumi hawaiwezi. Kabla ya kila kalvati panafaa shimo la kutulizia mchanga, mita moja kwa moja na nusu mita chini ya sakafu ya mtaro. Linashika nusu mita ya ujazo, na watu wawili wanalimaliza kwa asubuhi moja. Chekeche ya nondo mbele ya kalvati ni nzuri, ila isiwe na matundu ya chini ya sentimita tano, na ilazwe, isisimamishwe wima, ili taka zipande badala ya kubana. Chekeche isiyo na mtu wa kuiondolea taka wakati mvua inanyesha ni mlango wa mafuriko, bora isiwekwe.

Wenye maduka hufunika mtaro kwa zege ili wateja wapite. Si vibaya, lakini jiwe moja la mita tatu halifunguki, na chini yake ndiko mtaro unakofia. Vifuniko viwe vya vipande: cha sentimita 60 kwa 80, unene 8, kina uzito wa kilo 90 na kidogo, watu wawili hadi wanne wanakinyanyua. Hapa wakaazi hawana uwezo wa kumlazimisha jirani yao, na hawafai kubebeshwa ugomvi huo. Ni kazi ya Baraza, kwa ilani ya maandishi, mwezi Januari na si Machi.

Wakati nao una hesabu. Ukisafisha Disemba, taka za kaskazi nzima zitaurudisha mtaro ulivyokuwa. Duru ya kwanza iwe nusu ya pili ya Februari, ya pili mwishoni mwa Machi, na ya tatu, ambayo wengi huisahau, siku mbili baada ya mvua kubwa ya mwanzo, kwa kuwa mvua hiyo ndiyo inayofagia mji. Kwa miaka hii Ramadhani imeangukia humohumo Februari na Machi, na hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Kumwita aliyefunga achimbe saa sita ya mchana hakufai. Ama ianze baada ya sala ya alfajiri na kuisha saa mbili na nusu, ama mwezi huo duru ichukuliwe na wafanyakazi wa kulipwa, kwa zamu za usiku penye taa.

Na kuna bahari. Mtaro uliosafishwa vizuri unaweza kushindwa ikiwa mdomo wake umezama. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Unguja hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Mvua kubwa ikipiga saa tisa jioni siku hizo, maji ya mji hayatoki hadi bahari ianze kupwa, hata mtaro ungekuwa mtupu. Ndiyo maana mitaro mikubwa iliyojengwa Ng'ambo kwa mkopo wa Benki ya Dunia haikumaliza kazi: ilipanua njia, lakini midomo bado inataka kuangaliwa, na mitaro midogo inayoilisha bado inajaa mchanga. Sehemu hii, mdomo na mtaro mkubwa, asiguse mkaazi.

Chake Chake na Mkoani, kisiwani Pemba, hali ni nyengine. Huko ni vilima, maji yana kasi na mtaro hujisukumia wenyewe, ila udongo mwekundu wa mteremko huchimbika na kushuka wote bondeni hadi mikokoni. Kusafisha mtaro wa Pemba bila kupanda nyasi kwenye kingo na kuziba makorongo ya juu ni kuondoa dalili tu.

Linalobaki ni namna ya kumlipa mkandarasi panapokuwa na mkandarasi. Akilipwa kwa mita za mtaro, atachimba na kuacha ukingoni. Akilipwa kwa safari za jaani, atafika kweli, ila atapakia mchanga wa popote. Tunaona afadhali nusu kwa mita na nusu kwa safari, sheha akitia saini mita na msimamizi wa jaa akitia saini safari, na ukaguzi ufanyike kwa fimbo iliyotiwa alama kila sentimita kumi, katika sehemu tano za mtaro ambazo mkandarasi hakuambiwa mapema. Fimbo hiyo ibaki kwa sheha. Mwezi wa Juni, masika yakiisha, ipimwe tena palepale. Penye tope la zaidi ya sentimita 15 ndipo panapostahili shimo la mchanga kabla ya mvua za vuli.