Ling'oe kochi, ila pima kwanza njia ya chooni

Mke wangu aliinuka kwenye kochi akaenda kuinjika chai, na nyuma ya dera lake pamenata vipande vyeusi kama magamba ya samaki. Hakujua. Tulikuwa kambini Michigan, kando ya ziwa, mwezi wa Agosti, joto la kunata, na ile ngozi ya bandia ya kochi la gari-nyumba letu ndiyo kwanza inaanza kubanduka. Nilimtoa magamba moja moja bila kusema neno. Ila moyoni nilishalihukumu lile kochi.

Gari-nyumba ni lile basi lenye kitanda, jiko, choo na bafu ndani yake, ambalo Wamarekani wakistaafu hulinunua wakazurura nalo kama konokono. Letu ni la mwaka 2008, futi 30, limejengwa juu ya chesisi, yaani fremu ya chini, ya Ford F-53 yenye injini ya V10, silinda kumi. Nimeendesha malori huku miaka kumi na tisa, kwa hiyo ukubwa wake haunibabaishi. Kinachonibabaisha ni useremala wake. Mengi ya magari haya yanatoka kaskazini mwa Indiana, Elkhart na miji inayoizunguka, na kila nikipita huko na lori nayaona mapya yanang'aa yakipelekwa kwa wauzaji. Siku hizi nikiyaona najiuliza tu: na haya yamewekewa kochi lile lile?

Kubanduka kwenyewe si ajabu. Kinachoitwa ngozi kwenye magari haya mara nyingi ni kitambaa kilichopakwa utando mwembamba wa poliuretani, na utando huo haupatani na joto, unyevu wala jasho la shingo. Gari likikaa limefungwa kwenye jua la kiangazi, ndani panakuwa tanuri. Baada ya miaka kadhaa utando na kitambaa vinaachana, na vikishaachana havipatanishwi tena. Nimejaribu gundi, nimejaribu tepu, nimejaribu hata rangi ya viatu, nikaishia kutia weusi mito ya mke wangu.

Lakini hata lingekuwa la ngozi ya ng'ombe ningeling'oa, niweke viti viwili vya kujilaza, vile ambavyo egemeo linalala nyuma na miguu inanyanyuka. Kochi lile linawekwa ili kijitabu cha mauzo kiandike kwamba gari linalaza watu sita. Wawili kitanda cha nyuma, wawili meza ya kulia ikishushwa, wawili kochi likikunjuliwa: unavuta kikalio mbele, egemeo linalala chini, na katikati panabaki mfereji wenye bomba la chuma chini yake. Sasa kochi linalotakiwa ligeuke kitanda halipewi egemeo refu, maana litagonga kabati likikunjuliwa. Basi ukilikalia linaishia katikati ya mgongo, shingo inabaki yatima. Mtu umeendesha saa sita, unataka pumziko, unakaa wima kama uko kwenye benchi la zahanati unasubiri kuitwa.

Katika miaka miwili tuliyokuwa nalo, aliyelala juu yake ni mtu mmoja tu, mpwa wangu, usiku mmoja. Saa nane za usiku nikielekea chooni nusura nimkanyage. Yuko sakafuni, kajifunika koti, kochi kalikimbia.

Mama Salma hakukubali kirahisi. "Baba Salma, ukiling'oa, wageni watalala wapi?" Nikamkumbusha habari ya mpwa wangu. Akasema huyo ni mwembamba, mifupa yake ndiyo iliyomuumiza. Kisha akaleta hoja nzito zaidi. Kochi, alisema, ni baraza. Watu wanakaa bega kwa bega, anayekuja anasogezewa, hakuna anayehesabiwa. Viti viwili vya kujilaza ni sawa na kusema nyumba hii ina watu wawili na mlango umefungwa.

Hoja hiyo ilinikaa siku kadhaa, maana sote wawili tumekulia Tanga na tunajua baraza ni nini. Lakini nilipoizungusha kichwani niliona haisimami. Baraza la kwetu liko nje, linatazama njia. Unakaa, watu wanapita, unasalimia, muuza kahawa anagonga vikombe vyake, habari za mji mzima zinakufikia hujavaa hata kandambili. Kochi la gari-nyumba linatazama kabati la sufuria. Na ukifika kambini, mgeni haingizwi ndani. Anakaribishwa nje, chini ya turubai la pembeni, kwenye viti vya kukunja, moto ukiwaka. Baraza letu liko pale. Ndani ni chumba cha kulaza mgongo.

Hakusema ndiyo. Alisema, "Haya, mikono ni yako."

Kabla ya kushika spana kuna hesabu moja ambayo wengi wanairuka, nayo ni mikanda. Chini ya mito ya kochi letu mlikuwa na mikanda mitatu ya usalama, ya kiunoni tu, isiyo na ile ya begani. Nililala chali chini ya gari na tochi nikaona boli zake zimepita sakafu zikakamata chuma. Hiyo ni nafuu. Ila kochi lenyewe linatazama ubavuni, na mtu aliyefungwa kiuno tu akitazama ubavuni, dereva akikanyaga breki kwa nguvu, kiuno kinabaki na kifua kinakwenda. Kiti cha gari cha mtoto ndiyo kabisa hakifungwi hapo, kwa sababu vile viti vinatengenezwa vifungwe juu ya kiti kinachotazama mbele. Sheria za nani afunge mkanda nyuma ya gari-nyumba linapotembea zinatofautiana jimbo na jimbo, lakini breki ni ile ile Ohio na Texas. Sisi tuliamua: gari likitembea, waliomo ni wawili, mbele. Wajukuu wanafuata nyuma kwenye gari dogo na mama yao. Kama familia yako ina watoto na hamna gari la pili, mimi sina la kukwambia zaidi ya kuacha kochi mahali lilipo, au ubadilishe sponji na kitambaa, kazi ya fundi mmoja na siku mbili.

Kung'oa kwenyewe kulinichukua Jumamosi nzima. Boli mbili za mbele zilikuwa chini ya kitambaa kilichopigwa pini, mbili za nyuma huzioni mpaka ulikunjue kochi liwe kitanda, na moja kati ya hizo ilikuwa na kutu kiasi cha kunila ngozi ya kidole. Nyuma yake nilikuta soksi ya mtoto nisiyemjua, senti kumi na tano, na kipimo cha upepo wa tairi ambacho kingenifaa siku nyingi.

Kisha ikaja habari ya mlango. Kochi inchi 68, mlango inchi 24. Nililigeuza, nililisimamisha, nililiinamisha, jirani yangu Mmarekani akaja kusaidia na yeye akatoka jasho. Likagoma. Baadaye ndipo nilipoelewa: kiwandani hawaliingizi mlangoni. Sakafu inawekwa, fanicha inafungwa juu yake pakiwa peupe, halafu kuta zinasimamishwa kuizunguka. Nikacheka peke yangu. Bibi yangu pale Tanga alikuwa na kabati la mvule ambalo fundi alilitengenezea chumbani humo humo, na alipofariki wajomba walikaa kikao kizima kujadili wabomoe ukuta au walikatekate. Kabati la bibi liliponea. Langu nililipitisha msumeno wa umeme, likatoka vipande vitano, na kwenye kila kipande nilikuta mbao za plaiwudi na pini za kupachika. Fremu ya chuma ndiyo pekee iliyostahili kuitwa kitu.

Viti nilivinunua Indiana, kwenye duka la bidhaa zilizobaki kwenye viwanda vya magari haya, dola 1,100 viwili. Nilichagua aina ambayo egemeo lake linachomoka kwa kubonyeza vishikio viwili kwa nyuma, ukafika ndani ukalichomeka tena, la sivyo yangenikuta yale yale ya mlangoni. Nikachagua pia ile inayoteleza mbele inapolala, kwa hiyo inahitaji inchi chache tu kutoka ukutani. Kiti cha kawaida cha sebuleni kinahitaji karibu futi nzima nyuma yake, na futi nzima ndani ya gari ambalo sheria hairuhusu lizidi upana wa inchi 102 kwa nje ni shamba.

Rafiki yangu mmoja alinishangaa: kwa nini nisichukue viti vya duka la kawaida, vya bei nusu? Moja ya sababu ni moto. Kanuni namba 302 ya usalama wa magari ya Marekani, inayotumika tangu 1972, inataka vitambaa na sponji za ndani ya gari visiungue kwa kasi ya zaidi ya inchi 4 kwa dakika. Kiti cha sebuleni kinapimwa kwa kipimo kingine, kinachohusu zaidi sigara iliyoanguka ikafuka. Na jiko letu la gesi liko hatua mbili kutoka kwenye viti.

Kosa langu lilikuwa la futi kamba. Ukuta wa upande wa pili wa gari letu unasukumwa nje kwa mota tukifika kambini, kama droo, sebule ikapata nafasi. Nilipima hivyo, ukuta ukiwa nje, nikaridhika, nikalipa. Siku ya kujaribu nikaurudisha ukuta ndani na viti vikiwa mahali pake: kati ya goti la kiti na kona ya meza pakabaki upana wa kiganja. Chooni hufiki. Mama Salma alisimama upande wa mbele akaniangalia, mimi niko upande wa nyuma nimeshika bisibisi, kati yetu viti viwili vipya. "Sasa mimi nikibanwa njiani," akauliza, "nipitie dirishani?" Ilibidi nitoe ubao wa chini ya ukuta, nisogeze viti nyuma inchi mbili, na kimoja nikigeuze kidogo pembe. Sasa anapita, kwa ubavu. Pima gari likiwa limefungwa kama liko barabarani. Hilo naliandika kwa uchungu.

Kingine ni kufunga viti sakafuni, na hapa nitakuwa mkali. Nimewahi kuona picha za watu wameviweka tu, juu ya zulia, wakisema ni vizito havisogei. Sisi wa malori kanuni za shirikisho zinatutaka tufunge mzigo uweze kustahimili msukumo wa mbele wa asilimia 80 ya uzito wake, kwa ajili ya breki ya ghafla. Kiti cha kilo 40, basi, kinasukuma mbele kwa nguvu ya kilo 32. Na mbele yake kuna kisogo cha mkeo. Askari wa barabarani akikuta kwenye lori langu godoro moja halijafungwa ananiandikia faini. Kwenye gari-nyumba hakuna atakayekukagua, kwa hiyo ujikague mwenyewe. Nilitumia vipande vya chuma vyenye pembe, boli zikapita sakafu, chini nikaweka bamba pana na nati.

Ila usitoboe kabla hujatazama chini ya gari. Palipokuwa kochi, sakafuni hupita waya, mabomba ya maji na mfereji wa hewa ya moto, na tundu langu la tatu nilikuwa nimelichora sawasawa juu ya mfereji huo. Jirani yule yule ndiye aliyekuwa chini na tochi akapiga kelele.

Kwa uzito hakuna kilichobadilika cha maana. Nililipitisha gari kwenye mizani ya malori kabla na baada, tofauti ikawa pauni 40, na gari linaloruhusiwa pauni 18,000 halina habari na hizo. Kuuza je? Labda mnunuzi mwenye watoto ataliruka. Sijali, sikulinunua ili niliuze.

Mfereji wa hewa ya moto, ambao zamani ulikuwa unapashia droo ya kochi bure, sasa unatoa joto lake moja kwa moja chini ya kiti cha kushoto. Mwezi wa Oktoba, asubuhi, kwenye kambi za baridi, hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote garini. Nilipanga kiwe changu. Niligundua mapema kwamba nimechelewa: kuna kanga imetandikwa juu yake, na miwani ya kusomea kwenye mkono wa kiti, na kikombe.

Mwezi wa Julai shemeji yangu anakuja kutoka Minnesota na watoto watatu. Magodoro ya hewa yameshanunuliwa, mawili, na mahema ya watoto pia. Wageni wana pa kulala, Mama Salma amehakikisha. Ila nimeagizwa nimwambie kaka yake mapema, kwa adabu, na niseme kama limetoka kwangu, kwamba kiti cha kushoto hakikaliwi.